Kijani Juu

Mume wangu alipohamishiwa kwenye boti za doria za Ziwa Kivu, watu wa Kamembe walinipongeza kwamba sasa atakuwa karibu na nyumbani. Ni kweli alikuwa karibu, tena karibu mno. Nikisimama nyuma ya nyumba ya baba yangu, penye kamba ya kuanikia nguo, nayaona maji yote mpaka kisiwa cha Nkombo, na boti yake ikipita naiona. Mke ambaye mume wake yuko mbali humwombea kwa Mungu, kisha analala. Mimi nilikuwa naangalia, na mtu anayeangalia halali.

Nilikuwa nimerudi kwa baba kwa sababu ya tumbo. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu daktari alisema nisibebe maji, nisipande mlima, nisishtuke. Ya maji na mlima niliyaweza. Hilo la kutoshtuka sijui alidhani naishi mji gani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa mara mbili. Mlango ukigongwa kwa nguvu nilikuwa nashika tumbo kwanza, ndipo naitika.

Mama alikwisha kufariki, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Papa, pamoja na cherehani zetu mbili za miguu zilizokaa barazani zikitazamana. Papa ni fundi, na baba yake alikuwa fundi. Tunashona kanzu, tunashona vitenge vya harusi, na kwa miaka mingi tumeshona bendera za boti. Mtunza stoo wa kikosi alikuwa anatuletea zilizochakaa, tunampa mpya. Upepo wa ziwa haubembelezi kitambaa. Huanza kula ule upande wa mbali na mlingoti, uzi mmoja mmoja, mpaka bendera inabaki fupi kama shati la mtoto aliyekua haraka.

Watu hudhani bendera ni bendera. Nami nilidhani hivyo mpaka Papa aliponiketisha na kunifundisha. Boti ya kikosi, aliniambia, inasema maneno mawili kwa vitambaa viwili. Bendera ya nyuma inasema sisi ni watu wa nchi gani. Bendera ya juu ya mlingoti, ikiwapo, inasema mkubwa yumo ndani. Mkubwa akipanda, inapanda. Akishuka, inashuka naye. Haipepei kwa ajili ya mapambo hata kidogo, na boti isiyobeba mkubwa ikiipandisha imesema uongo mbele ya watu wote.

Babu alimwachia Papa boksi la patroni, zile karatasi ngumu za kukatia. Zimo nyota za kila ukubwa, taji na nanga. Taji na nanga ni za Wabelgiji. Bendera yao ya manowari ilikuwa nyeupe, imekatwa msalaba wa mshazari wa rangi zao tatu, na juu yake taji na mizinga miwili iliyopishana, chini yake nanga. Babu aliwashonea, na Papa alisema mzinga ndio uliomtoa jasho kwa sababu una magurudumu. Papa alijua pia habari za Waingereza, kwamba zamani meli zao za vita ziligawanywa mafungu matatu, fungu la nyekundu, la nyeupe na la buluu, kila mkubwa na rangi yake, mpaka wenyewe wakachanganyikiwa. Ndipo wakaziachia meli za vita nyeupe peke yake, na nyekundu wakawapa wafanyabiashara. Habari hiyo ilimfurahisha sana. Alikuwa akisema hata mataifa makubwa hukata kitambaa vibaya kwanza, ndipo wanafumua.

Na kufumua tunakujua sisi. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu, Papa ameona buluu yenye nyota nyingi, akaona mstari mwekundu, akaona kijani yenye mkono ulioshika mwenge, akaona buluu na nyota zake zikirudi, halafu mstari mwekundu tena. Upande wetu ameona ile ya zamani ikiondoka na hii ya sasa ikija, buluu juu, njano katikati, kijani chini, na jua kwenye kona ya juu upande wa mbali na mlingoti. Kila badiliko alishona usiku na mchana, kisha akasubiri kwa wasiwasi kuona nani atakuja kuchukua. Fundi wa bendera hujua mapema kwamba mambo yamebadilika, lakini hajui kama yamebadilika kwa heri.

Nieleze kitu kimoja cha kazi yetu, maana bila hicho hadithi yangu haisimami. Bendera ya boti inashonewa kamba kwenye upindo wake. Kwenye ncha ya juu ya kamba tunafunga kipini cha mti, na ncha ya chini tunaiacha mkia mrefu. Baharia akiipandisha alfajiri, au mvua ikimpiga usoni, haoni rangi. Anapapasa. Kipini ni juu, mkia ni chini, hakosei. Hivyo basi bendera ikipepea kichwa chini, ama fundi alikosea kushona, ama mtu ameigeuza kwa kusudi. Na mtu hageuzi kwa kusudi ila kwa jambo moja. Ni desturi ya mabaharia tangu zamani kwamba bendera iliyopinduliwa inasema tuko hatarini, tusaidieni.

Niliposomeshwa hayo mara ya kwanza nilimtania. Nilimuuliza, na wale wenye bendera ambayo ukiipindua inabaki vilevile, kama Wafaransa, wao wakizama wanafanya nini?

"Bale banafunga drapo fundo katikati," alisema bila kucheka. "Unazani batu ba maji biko bajinga?"

Lakini mwaka huo Papa alikuwa ameanza kubadilika. Alitia sukari kwenye chai, akageuka, akatia tena. Alishona kanzu ya mteja mmoja mikono ikatazama nyuma, na mteja kwa adabu akasema labda ndiyo mtindo mpya. Sikumwambia Papa neno. Alipokuwa anakwenda msikitini mimi nilikuwa natoa kazi zake na kupitisha kidole kwenye kila mshono, nikikuta pabaya nafumua na kurudia kwa sindano ya mkono. Nilijiona mtoto mwema kwa kufanya hivyo kimya.

Kisha kikosi kikapata mkubwa mpya, na zikaagizwa bendera mbili kwa pamoja: ya nyuma, na ya mkubwa. Mchoro wa hiyo ya mkubwa sitaueleza, maana tuliombwa tusiuzungumze sokoni. Itoshe kusema mwisho wake umechanwa katikati, una ncha mbili kama mkasi uliofunguliwa, na juu na chini yake ni sawasawa. Kukanyaga cherehani daktari alikuwa amenikataza, kwa hiyo Papa alizishona peke yake. Mimi nilikata nyuzi na kupiga pasi. Kamba alizitia siku niliyokwenda kliniki, na niliporudi kazi ilikuwa imekwisha kukunjwa na mume wangu amekwisha kuichukua. Kidole changu hakikupita.

Siku ya mkubwa kwenda kuona maji yake, mume wangu ndiye aliyeendesha boti. Asubuhi ilikuwa nzuri. Niliwaona wakitoka, bendera ya ncha mbili juu ya mlingoti, ile ya nyuma imelala tu kwa kukosa upepo. Nilijisikia fahari, nakiri, na nikarudi kupika.

Baada ya adhuhuri mawingu yakaja kutoka nyuma ya mlima wetu, yakisukuma upepo kwenda ng'ambo. Ziwa letu ni pole mpaka linapoamua kutokuwa pole. Mabati yakaanza kugonga, nguo zikapepea kwenye kamba, nikatoka kuzianua. Ndipo nikaiona boti. Haikuwa mahali pake. Ilikuwa mbali kuelekea maji ya ng'ambo, imekaa ubavu, na haikuacha ule mstari mweupe ambao boti inayokwenda huuacha. Niliingia ndani nikachukua darubini ambayo mume wangu aliiacha nyumbani ili, kama alivyosema, nimwone na roho itulie. Wanaume wana mawazo.

Niliona ncha mbili za mkasi juu ya mlingoti, zimekazwa na upepo. Mkubwa yumo. Nikashusha darubini mpaka nyuma ya boti. Kijani ilikuwa juu.

Nilifuta vioo kwa kanga, nikatazama tena. Kijani juu, njano katikati, buluu chini, na jua liko chini kule mwishoni kana kwamba limedondoka.

Naomba msomaji anielewe. Kwa mtu mwingine yeyote pale mlimani ile ilikuwa rangi tu. Mimi ilinipiga tumboni, mahali hasa nilipoambiwa pasipigwe. Nilipiga simu ya mume wangu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Siku hizi maji yale ya ng'ambo si ya kuingia bila kualikwa, na boti ya kikosi ikiingia huku imebeba bendera inayotangaza kwamba mkubwa yumo, nani atauliza kwanza kama moteri imezimika? Nilijiambia basi waishushe ile ya mkubwa. Na papo hapo nikakumbuka kwamba haishushwi akiwa ndani.

Nikamwita Papa. Alitoka na sindano mdomoni, akaitoa, akachukua darubini. Alitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa, na hakujikinga.

"Papa," nilisema, "ile drapo ya nyuma, kamba ulishona namna gani?"

Alizungusha vioo, akatazama tena.

"Papa, nakuomba. Kipini ulitia wapi? Unaweza kuwa ulikosea? Sema tu. Sitakasirika."

Nilikuwa nimemshika mkono wa shati, naukunjakunja. Nilimwomba Mungu kwa sauti, mbele yake, naye anasikia. Nilisema, ewe Mola, jaalia iwe ni mikono ya baba yangu, jaalia iwe ni uzee tu. Nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa tayari kutoa heshima yake yote ya ufundi, na ya babu pia pamoja na nanga zake, ili mtoto wangu asizaliwe hana baba.

Papa akateremsha darubini. Akatabasamu kama mtu aliyekamatwa anakula kabla ya futari.

"Ni miye, mama," alisema. "Nilikosea. Siku ile ulienda kliniki, nilishona nikiwa na mawazo mingi. Kipini nilitia ku kijani. Sasa tu njo nakumbuka."

"Kweli, Papa?"

"Kweli. Kupotea njia ndiyo kujua njia. Boti iko sawa, banapumzika tu."

Nilicheka. Machozi yalikuwa yananitoka na nilicheka, nikakaa kwenye beseni la nguo. Halafu, kwa kuwa hofu ikitoka hasira hupata nafasi, nikamgombeza. Nilisema angenisubiri nitazame. Nilisema kazi ya kikosi si kanzu ya mtu wa mtaani. Nilisema, na hili nilikuwa nimelibeba siku nyingi, kwamba afadhali kuanzia sasa bendera zote zipite kwangu. Alitikisa kichwa akikubali kila neno. Akanishika bega akaniingiza ndani, akanifunika shuka, akaniambia nilale ubavu wa kushoto kama daktari alivyosema.

"Nashuka ku bandari," alisema. "Bakifika nataka nikuwe pale na sindano, niitengeneze mbele mukubwa haajaona aibu yangu."

Alivaa koti, akaweka mkasi na uzi mfukoni. Nilisikia akimwita mtu wa pikipiki, mvua ikiwa imekolea. Darubini alikwenda nayo. Niliona hilo na sikuliwazia chochote.

Nililala nikimpangia Papa maisha yake. Nilimwonea huruma tamu, ile anayokuwa nayo mtu ambaye shida yake imeangukia kwa mwingine. Nilipanga atakuwa anapinda mapindo tu, na vifungo. Patroni za babu nitazihamishia upande wangu wa baraza taratibu, asione. Wateja nitawaeleza kwa maneno mazuri. Na katikati ya mipango hiyo nikalala usingizi, mimi ambaye kwa miezi nilikuwa nahesabu mabati ya paa usiku kucha.

Walirudi wote wawili kabla ya magharibi, wamelowa mpaka kwenye mifupa. Mume wangu alikuwa na mkono umefungwa kitambaa. Alikaa chini mlangoni bila kuvua viatu, akaniangalia tumbo kwanza, halafu uso.

"Uliona drapo?" aliuliza.

Nikasema niliona, na kwamba Papa amekwisha kunieleza ya kipini. Akageuka kumtazama Papa, haelewi. Papa alikuwa anakung'uta koti lake, na aliendelea kulikung'uta.

Mume wangu akasimulia. Wavu wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, uliokatika ulikuwa unaelea, ukajizungusha kwenye mapanga ya moteri. Alipokuwa ameinama kuukata kwa kisu, wimbi likaingia, redio ikalowa, simu zikalowa, upepo ukawachukua kwenda kule ambako hawakutakiwa. Walishindana kidogo kuhusu bendera ya mlingotini. Mkubwa mwenyewe alikataa isishushwe, akasema yeye hajashuka. Ndipo mume wangu akaishusha ya nyuma, akaigeuza, akafunga kipini chini kwa mkono unaotoka damu, akaipandisha. Mkubwa akamuuliza, nani ataisoma hiyo kwa mvua hii?

"Nikamwambia, mukwe wangu," alisema mume wangu. "Nikamwambia kule juu kuna muzee moja akiona vile atajua. Na si nilikuta amesimama ku bandari, ameisha batuma boti ya pili. Askari wa zamu anasema muzee alifika anatetemeka, anasema drapo ile nilishona mwenyewe na haiwezi kupinduka yenyewe."

Boti ya pili iliwafikia wakiwa bado upande wetu wa maji, kwa umbali ambao mume wangu hakutaka kuutaja, na mimi sikumlazimisha. Alikwenda uani kujimwagia maji ya moto. Nilibaki na Papa sebuleni. Alikuwa ameketi kitini pake, anasugua miwani kwa ncha ya shati ambayo nayo ilikuwa imelowa, kwa hiyo haikuwa ikisaidia kitu. Tumbo langu lilikuwa limetulia. Mtoto aligeuka mara moja, akalala.

"Papa," nilisema, "kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ningesema nini? Ungeshuka mulima mbio na ile tumbo."

"Ungeniambia tu nikae."

"Weye?" alisema, na hapo akacheka kidogo.

Nikamwambia Mungu amlipe. Nikamwambia anisamehe kwa yale niliyosema kuhusu kanzu na kuhusu bendera kupita kwangu, kwamba ilikuwa hofu, kwamba ulimi wa mwenye mimba hauna mfupa. Maneno yalinitoka mengi kwa sababu nilikuwa nalikimbia jambo moja lililokuwa usoni pake, nami nalijua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Alivaa miwani yake yenye ukungu, akanitazama, hana hasira hata chembe.

"Mi nilizani utabisha," alisema. "Nilikuwa najitayarisha namna ya kukubishia. Nilijisemea, huyu ni mutoto wangu, ananijua, atasema hapana, Papa hawezi kukosea kipini. Nilikuwa naogopa nitakosa neno la kukujibu."

Alivua tena miwani, akaisugua.

"Lakini uliamini mbio, mama. Ata hukufikiri."

Nilitaka kusema si kweli. Kutoka uani nilisikia maji yakimwagika, na mume wangu akikohoa, mzima. Nilinyanyuka nikamletea Papa taulo, akalipokea, akasema asante.